Mtu Aliyekubali Kila Kosa

Mtu aliyekiri kwa miaka mingi makosa asiyoyatenda, akija siku moja kulikana lile alilolitenda kweli, je, amesema uongo, au ndiyo kwanza ameacha kuusema? Nilisomea falsafa chuo kikuu kwa miaka minne. Nilifundishwa majina ya watu wa kale waliokufa wakibishana juu ya mambo kama haya, na hadi leo sina jibu. Swali lenyewe sikulipata darasani. Nilipewa na dereva wa lori.

Tulimwita Dereva, kana kwamba Nairobi nzima haikuwa na mwingine. Katika yadi yetu ya Kawangware, upande wa mtaa uitwao Kongo, palikuwa na malori manne na madereva wanne, lakini wale watatu waliitwa kwa majina yao. Lori lake lilibeba mchanga na kokoto, na lilikuwa limefikia umri ambao binadamu hustaafishwa. Mimi nilikuwa karani. Shahada yangu ilikuwa ndani ya bahasha chini ya godoro, ikisubiri nchi iwe tayari kuipokea, na kwa muda huo niliandika lori gani limetoka, limebeba nini, na limerudi na ubovu gani. Dereva alipoambiwa nimesomea nini, alinitazama kwa upole anaotazamwa nao mtu aliyefiwa.

"Pole, Digrii," akasema. "Lakini usijali. Hata hii lori ilikuwa mpya siku moja."

Jina hilo halikunitoka tena.

Sote wawili tulikuwa wapangaji Silanga, Kibera, yeye mlango wa tatu kutoka kwangu, chini kuelekea bwawani, mahali ambapo wauza makaa walianza kukohoa kabla jogoo hawajawika. Kila asubuhi tulipanda pamoja, tukaupita ukuta wa Nyayo Highrise, tukaendelea kwa miguu hadi Kawangware. Dereva wa lori, alipenda kusema, ni mtu anayetembea saa nzima ili akaketi. Mengi ninayoyajua juu yake niliyapata katika matembezi hayo, miaka ya mwanzo ya tisini, kabla jua halijatoka na kabla hajaanza kuogopa.

Maana aliogopa. Watu walidhani hana hofu kwa sababu alikuwa na mzaha, lakini mzaha wake ulikuwa kama breki ya mkono: aliuvuta pale ambapo breki nyingine hazikushika.

Alikuwa na elimu kamili juu ya kosa, na aliitoa bure.

"Watu wanasema polisi wanatafuta makosa," aliniambia asubuhi moja. "Hapana. Kosa halitafutwi. Kosa unapewa, kama jina la ubatizo. Unasimama, unaangaliwa, unapewa lako."

"Na ukikataa?"

"Unapewa la pili. Mtoto akilia wakati wa kubatizwa, kwani wanamwachilia?"

Hakuwachukia askari wa trafiki. Aliwastaajabia. Fundi wa magari, alisema, anaweza kulala chini ya injini tangu asubuhi hadi jioni asione kitu, lakini afande hutazama taa ya mbele tu, akajua kwamba ya nyuma haiwaki. Hicho ni kipaji, na mwenye kipaji hana budi kulipwa. Palikuwa na sajini mmoja, mnene, mwenye sauti ya kasisi, aliyesimama kwenye kizuizi kati ya machimbo ya kokoto na jiji. Sajini huyo hakumwandikia Dereva kosa lolote kabla ya kumwuliza habari za watoto. Wakiwa wazima, aliandika tairi kipara. Mmoja akiwa na homa, aliandika kioo chenye ufa, kwa kuwa faini ya kioo ilikuwa nafuu kidogo. "Unaona?" Dereva alinieleza. "Serikali ina huruma, ila ni lazima mtoto augue kwanza."

Jioni moja, saa kumi na moja na nusu, sajini huyo alimaliza zamu yake na gari la kumrudisha likawa halikufika. Alilisimamisha lori la Dereva, lile lile aliloliandikia asubuhi kwamba ni hatari kwa maisha ya binadamu, akapanda, akakaa mbele, akaweka kofia magotini.

"Afande," Dereva akamwuliza kwa adabu, "si hii gari ni mbovu?"

"Enda polepole," sajini akajibu.

Njia nzima Dereva alikwenda mwendo wa maiti. Malori yaliyokuwa nyuma yalipiga honi, na sajini akachungulia dirishani kuwakaripia wenye haraka. Alishuka akashukuru. Kesho yake asubuhi lori likawa bovu tena. Dereva aliisimulia hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara aliimalizia kwa sauti ya mtu anayetoa ushuhuda kanisani: "Hii lori imewahi kupona. Ilipona kwa dakika arobaini."

Lazima nieleze pia habari ya mtungi wa kuzimia moto, ingawa katika habari hiyo mimi nami nina aibu yangu. Sheria ilitaka kila lori liwe na mtungi. Mwenye yadi, mtu aliyeiheshimu sheria kwa mbali, alinunua mmoja kwa malori yote manne. Basi madereva wakabuni utaratibu: lori lililorudi kutoka machimboni lilisimama kwenye kona iliyo baada ya kizuizi, likampa mtungi yule anayekwenda, na mimi karani ndiye niliyepanga saa za kuondoka ili wakutane pale. Nilijivunia mpango ule. Hakuna kitu nilichokipanga baadaye maishani kilichokwenda vizuri hivyo. Ulidumu mwaka mzima, mpaka sajini alipougusa mtungi, ambao ulikuwa na bonde ubavuni na mchirizi wa rangi ya kijani, akasema, "Huyu amepita hapa mara nne leo. Anafanya kazi kuliko nyinyi wote." Waliandikiwa wote wanne.

Wiki chache baadaye mafuta yalishika moto katika kibanda cha mama aliyetupikia chakula yadini. Dereva alikimbia hadi kwenye lori, akarudi na mtungi, akaulenga moto kama alivyoelekezwa na picha ya pembeni, akaminya. Mtungi ukatoa pumzi moja ndefu, kama mzee anayekaa kitini, ukanyamaza. Ulikuwa mtupu tangu siku ulipofika. Mama yule alituangalia, wanaume sita tukiwa tumezungukwa na vilima vya mchanga, akachota mchanga kwa sufuria, akamwaga, moto ukafa.

"Mna mtungi wa kuzima polisi," akasema. "Wa moto hamna."

Dereva alicheka hadi akakaa chini. Lakini tulipotembea kurudi Silanga siku hiyo alitangulia, hatua kumi mbele yangu.

Alikuwa mtu wa migongano, na sikuwahi kuipatanisha. Kanisa lake, moja ya yale ya ngoma na kanzu nyeupe yaliyokuja mjini na watu wa kwao magharibi, lilikuwa na saa ya kutubu kila Jumapili. Watu walisimama wakaeleza walivyokosa. Yeye hakuwahi kusimama; kanisani hakuwa na dhambi. Mahakamani hakukosa kuwa nayo. Alisimama kwenye kivuko cha watembea kwa miguu hata kikiwa kitupu, akahesabu hadi tano, akaenda. Niliwahi kumwona akiwasubiri kuku. Na mtu huyohuyo, kwa mujibu wa kumbukumbu za serikali, alikuwa miongoni mwa madereva hatari zaidi waliowahi kupewa leseni.

Hapo ndipo penye kiini cha mtu huyu. Dereva alikubali kila shtaka. Siku ya kesi alivaa tai, moja tu aliyokuwa nayo, ya rangi ya damu ya mzee, akaingia mahakama ya trafiki kama mtu anayekwenda posta. Nilimsindikiza mara moja. Karani wa mahakama alianza kumsomea: kwamba yeye, akiwa anaendesha gari aina ya lori, katika barabara ya umma...

"Kweli," Dereva akasema.

"Mzee, ngoja nimalize."

"Maliza tu, mama. Mimi nishakubali."

Nje nilimkaripia, kama vijana waliosoma wanavyowakaripia watu wazima. Nilimwambia ana haki ya kukana. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakumfanyia karani wa mahakama.

"Ukisema kweli, unalipa faini, unaenda nyumbani," akasema. "Ukisema si kweli, unaambiwa rudi siku nyingine. Unarudi, sajini hajakuja. Unarudi tena, faili imepotea. Na kila siku unayorudi lori imesimama, na mdosi halipi mtu kwa kusimama. Ukweli ni wa watu wenye wakati, Digrii. Wewe uko nao, utumie."

Faini yenyewe ilikula jasho la wiki mbili, na ilitoka mfukoni mwake, kwa kuwa mwenye yadi aliamini kwamba kosa ni la aliyeshika usukani hata kama tairi ni la aliyenunua gari.

Ndipo ikaja barua ya mahakama, shtaka likiwa kuendesha kwa kasi. Alikwenda, akavaa tai, akakubali, akalipa, akarudi akiwa na furaha kidogo kwa kuwa faini ilikuwa nafuu kuliko alivyotarajia. Niliichukua karatasi nikaiangalia tarehe.

"Dereva, siku hii lori lilikuwa juu ya mawe."

"Mawe gani?"

"Hapa yadini. Magurudumu yametolewa, giaboksi iko kwa fundi. Lilikaa juu ya mawe siku tisa."

Pengine sajini alikuwa na nafasi ya kujaza kitabuni na nambari ya lori letu aliijua kwa moyo; pengine alikosea tu. Dereva aliligeukia lile lori kuukuu, akalitazama kwa heshima mpya.

"Kwa hivyo ilipita mwendo ikiwa juu ya mawe," akasema taratibu. "Kumbe mimi hii gari siijui."

Tulicheka yadi nzima. Hatukujua kwamba kicheko hicho kingemgharimu kuliko faini. Kila alilolikubali liliandikwa, na makosa yaliyoandikwa huzeeka pamoja, yakawa ukoo. Siku ya kesi iliyofuata, juu ya taa isiyowaka, hakimu alipekua karatasi akamwambia kwamba kosa jingine moja la kuhatarisha maisha, naye ataifuta leseni yake. "Mzee, wewe ni tishio barabarani," hakimu alisema, na ile kasi ya juu ya mawe ndiyo aliyoitaja kwanza.

Leseni ya siku hizo ilikuwa kijitabu chekundu. Yake aliifunga kwa nailoni ya mkate, akaibeba katika mfuko wa ndani upande wa moyo. Hakuwa na cheti kingine duniani. Hakuwa na shamba alilorithi wala duka, na umri wake haukuwa wa kuanza kubeba zege. Tangu siku ile alikuwa na tabia mpya: tukitembea asubuhi, aligusa kifua chake kila baada ya nyumba chache, kama mtu aliyesahau kama amefunga mlango.

Miezi mitatu baadaye, siku ya Jumatatu, alisimama mbele ya meza yangu. "Andika breki," akasema. "Zinashuka mpaka chini kabla zishike. Hii siyo mchezo." Niliandika katika kitabu cha ubovu. Mwenye yadi alitia sahihi kama alivyotia siku zote, sikio likiwa kwenye simu, akasema fundi atakuja wiki ijayo. Jumanne Dereva aliuliza tena. Nikaandika tena. Jumatano vivyo hivyo. Na kila asubuhi, baada ya kuandika kwamba lori halina breki, niliandika chini yake, kwa mwandiko uleule mzuri, kwamba limetoka. Yeye alijua, akawasha. Mimi nilijua, nikafungua lango. Alhamisi, pale kwenye mteremko wa Kongo, lori likiwa na shehena ya kokoto lilirudi nyuma taratibu, bila kelele, likapanda juu ya meza ya mama mboga, likaisaga hadi ardhini. Mama mwenyewe alikuwa amepiga hatua sita kwenda kwa jirani kutafuta chenji.

Sajini ndiye aliyeitwa. Siku hizo alikuwa amehamishiwa kwetu. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakulazimika kutumia kipaji. Kosa lilikuwa limelala palepale juu ya sukuma wiki. Aliangalia hatua zile sita, akaangalia nyanya zilizopondeka, na hakuuliza habari za watoto.

"Mzee wangu," akasema, "hii sasa ni ya ukweli."

Dereva aliachiliwa kwa dhamana, afike mahakamani siku ya Jumatatu. Ijumaa mwenye yadi alifanya jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Alimwita Dereva, akamshika bega, akamwambia: "Kubali tu kama kawaida. Faini nitalipa mimi." Alipomaliza wema huo alinijia mimi, akasema kile kitabu cha ubovu kimejaa, nikitupe jikoni kwa mama mpishi, tuanze kipya. Kitabu kilikuwa kimefika katikati. Nilikitia ndani ya shati, Dereva akiniona, nikaenda nacho nyumbani. Ningependa kuandika hapa kwamba nilifanya hivyo kwa ujasiri. Nilikichukua kwa sababu sikuweza kukitupa wala kukataa kukitupa, na shati lilikuwa njia ya katikati.

Jumapili saa kumi alasiri, akitoka kanisani, Dereva alikuja chumbani kwangu. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kanzu nyeupe ikiwa imekunjwa magotini.

"Kesho nasema si kweli," akasema.

"Lakini ni kweli." Maneno yalinitoka kabla sijafikiri. "Breki zilikuwa mbovu, nawe ulijua. Utakuwa umedanganya mahakama."

Alinikazia macho, kisha akaanza kucheka, kile kicheko cha siku ya mtungi.

"Wacha wee! Leo ndiyo unaona uongo? Nilipokubali kukimbia juu ya mawe hukuniletea hiyo falsafa. Mlicheka."

Niligeuka nikawasha jiko la chai.

"Sikia, Digrii. Nikisema kweli, hakimu anafunga faili. Anachukua kitabu yangu ya leseni, anaita mtu mwingine. Hakuna mtu atauliza breki ni ya nani, mdosi aliambiwa mara ngapi, alisema nini. Nikisema si kweli, lazima waulize. Mimi nataka tu waulize. Wakiuliza nitawaambia yote, hata yangu: nilijua, na niliwasha."

"Na yule mama?"

"Huyo nilienda kwake siku ileile. Nilikubali kwake. Huko ndiko kukubali kulikuwa na maana." Akakuna kidevu. "Nimemtengenezea meza ingine. Nilitoa mbao kwa ubavu ya lori. Hiyo nayo ni kosa, andika."

Nilitabasamu, yeye hakutabasamu. Aligusa kifua. Kijitabu kilikuwa huko, hata siku ya Bwana.

"Bila ile kitabu yako," akasema, "mimi ni mzee mwongo mwenye makosa mengi. Hakimu ataangalia ile ukoo yote iliyoandikwa, aangalie mimi, aifute leseni. Wewe ndiye uliandika Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Na mdosi akikuona pale, hiyo kazi yako imeisha. Najua. Sijakuja kukulazimisha."

Nilifungua kinywa. Aliinua mkono.

"Usinijibu saa hii. Ukijibu saa hii utajibu kama msomi."

Akachukua kanzu yake, akatoka, akaenda milango mitatu hadi kwake. Kitabu kilikuwa chini ya godoro, juu ya bahasha ya shahada, na nililala juu ya vyote viwili.

Asubuhi mahakama ilikuwa imejaa. Sajini alikuwepo. Mwenye yadi alikuwepo pia, safu ya mbele, amevaa suti, noti za faini zimevimba mfukoni. Dereva aliitwa akaingia kizimbani na tai yake ya rangi ya damu ya mzee. Karani wa mahakama, aliyemfahamu kama mtu anavyomfahamu mteja wa siku zote, alisoma haraka na kwa sauti ya chini, akitua mapema ili apishe neno alilolizoea. Neno halikuja. Akamtazama. Dereva alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Endelea, mama," akasema. "Leo nataka kusikia mpaka mwisho."

Karani akasoma mpaka mwisho. Mkono wa hakimu ulikuwa unaandika tayari, bila yeye kuinua uso, kama ulivyoandika mara zote.

"Si kweli," Dereva akasema.

Kalamu ilisimama. Hakimu alitazama alichokwisha kukiandika, akakikata kwa mstari, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kumhukumu mtu yule, akamwangalia usoni. Lakini Dereva hakuwa akimwangalia hakimu. Alikuwa amegeuka nyuma, anatafuta, benchi baada ya benchi, mkono ukiwa kifuani. Nilikuwa safu ya mwisho, nimesimama kwa kukosa nafasi. Nilikitoa kitabu ndani ya shati nikakishika kwa mikono miwili mbele yangu, juu, mahali ambapo yeyote angeweza kukiona. Na wa kwanza kukiona alikuwa mwenye yadi.